Wajibu wa Wahadhiri wa Hisabati kwa Wananchi

(Hotuba kwa wazazi, walimu na wakulima wa Kisii na Nyamira)



Mhadhiri wa hisabati ana kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Mbili za kwanza zinajulikana. Ya tatu wananchi wengi hawaijui, na ndiyo maana hawaidai.

Kufundisha si kuingia darasani tu. Mhadhiri hutayarisha somo, hutunga mtihani, husahihisha na kuwasilisha alama kwa wakati. Alama zikikosekana, mwanafunzi hahitimu, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo hubaki akisubiri.

Kutafiti ni kutafuta maarifa mapya na kuwaongoza wanafunzi wa uzamili na uzamifu kufanya vivyo hivyo.

Kazi ya tatu inamgusa kila mtu. Tuseme mkulima wa majani chai Nyamira anakopa shilingi 12,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 2 kwa mwezi, akirudisha 1,000 za mkopo kila mwezi. Riba ikihesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo, atalipa riba ya shilingi 2,880. Ikihesabiwa kwa deni linalobaki, atalipa 1,560. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti ni shilingi 1,320. Mkulima anayejua hesabu hii atauliza kabla ya kutia sahihi. Kumfundisha ni wajibu wa msomi.

Shule nazo zina haja. Mwaka wa 2025 serikali ilitangaza kwamba hisabati itakuwa somo la lazima kwa wanafunzi wote wa sekondari pevu. Mtoto aliyeogopa hesabu tangu msingi hawezi kuikwepa tena, na mwalimu wake anahitaji wa kushauriana naye.

Msaada hauko mbali. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka wa 1965 kikiwa chuo cha walimu wa shule za msingi, kikapata hati ya chuo kikuu kamili Februari 2013. Kulea walimu ndiyo asili yake.

Basi walimu wakuu waandike barua kuwaalika wahadhiri shuleni, machifu wawape nafasi barazani, na vyama vya akiba viwaite kabla ya kubadilisha masharti ya mikopo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.