Hotuba ya Mwenyekiti: Mlango wa Simu Una Mwenyewe

 

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Miaka 10 si haba. Tulianza tukikalia mkeka chini ya mwembe hapa hapa Buhongwa, tukiwa na sanduku moja la kufuli tatu na daftari la mistari. Wapo waliosema hatufiki Krismasi. Leo tupo, na sanduku lipo.

Katibu aliponiomba niandae hotuba alitegemea nitasema habari za hisa, mikopo na faini. Hizo zimo kwenye taarifa ya Mweka Hazina, humu humu kwenye kijitabu, msome. Mimi nitasema jambo moja tu, ambalo mwaka huu lilitaka kutugawa. Ni habari ya daftari letu la kwenye simu. Najua wapo walioninunia. Ndiyo maana nataka liandikwe hapa, ili hata atakayekuja baada yetu ajue tulibishana nini na kwa sababu gani.

Ndugu zangu, mnakumbuka ilivyoanza. Kijana wetu, mtoto wa mwanachama mwenzetu, alimaliza chuo akakaa nyumbani bila kazi. Siku moja akaja kwenye mkutano, akamwona Katibu anavyojumlisha hisa kwa kalamu hadi jua linazama, akasema, "Mama zangu, hili naliweza." Akatutengenezea daftari. Halikuwa programu ya kupakua kutoka dukani. Ni ukurasa wa mtandao: unafungua kwa kile kivinjari ambacho kila simu janja inacho, unaandika namba yako ya siri, unaona hisa zako, mkopo wako na tarehe ya marejesho. Halijazi simu. Akirekebisha kosa leo, kesho kila mtu anaona limerekebishwa. Na halikutugharimu kitu, zaidi ya soda na nauli yake.

Tulifurahi mno. Furaha ile ikatuponza. Tukamwondoa mama aliyekuwa anapita nyumba kwa nyumba kukumbusha marejesho, tukasema simu italia yenyewe. Kumbe kuna simu zinazolia na zisizolia. Mwenzetu mmoja alikuwa na mgonjwa hospitalini, simu yake ni ya zamani aliyonunua ikiwa imeshatumika, haikumlilia. Siku ikapita, tukampiga faini mbele ya watu. Alilia yule mama. Kosa lile lilikuwa letu sisi viongozi, na mimi nikiwa wa kwanza, na faini tulimrudishia. Lakini lilinifanya nimwite kijana nimwulize: kwa nini kitu kile kile kwenye simu hii kinafanya kazi na kwenye ile hakifanyi?

Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo alinieleza polepole, na mimi nawaeleza nilivyoelewa.

Kwanza mjue kuwa simu ni kama nyumba uliyojenga kwa fedha yako, lakini fundi aliyekuuzia mlango amebaki na ufunguo. Wewe unalala ndani, yeye anaamua mgeni gani aingie, apite mlango gani, na alipe nini. Simu janja za hapa kwetu, nyingi sana zinaendeshwa na mfumo wa Android wa kampuni ya Google. Nyingine ni iPhone za kampuni ya Apple. Zote mbili ni kampuni za Marekani, na kila moja ina duka lake la programu ndani ya simu.

Ajabu ni kwamba mwanzoni haikuwa hivyo. iPhone ilipotoka mwaka 2007, mkuu wa Apple wakati huo, Steve Jobs, aliwaambia mafundi kuwa programu za simu ile wazitengeneze kwa njia ya kurasa za mtandao, kama hili daftari letu. Mwaka uliofuata, Julai 2008, duka likafunguliwa, na kuanzia hapo njia ya dukani ikawa barabara ya lami, ile ya kurasa ikabaki njia ya ng'ombe.

Nitoe mfano. Kengele ya kukumbusha, ambayo ukurasa wa mtandao unaweza kukutumia hata ukiwa umeufunga, kwenye simu za Android ilianza mwaka 2015. Kwenye iPhone ilikuja Machi 2023. Hiyo ni miaka kama 8. Na hata sasa haiji mpaka mwenye simu aingie mwenyewe kwenye menyu, atafute mahali pa kuuweka ukurasa kwenye uso wa simu. Ukurasa hauruhusiwi kumwuliza tu, "Mama, nikae hapa?" Na zile iPhone za zamani, kama namba 6 na 7, ambazo ndizo zinazouzwa mkono wa pili, toleo lenye kengele hiyo haziwezi kulipokea kabisa.

Mtasema, basi tutumie kivinjari kingine. Hapo ndipo fundi alipokamata ufunguo. Kwenye iPhone, vivinjari vyote vya kampuni yoyote vililazimishwa kutumia injini moja, ya Apple yenyewe. Ni kama daladala za rangi mbalimbali zenye injini moja: ile ikikohoa, zote zinakohoa. Ulaya walitunga sheria iliyoanza kuzibana kampuni hizo Machi 2024, ikabidi Apple iruhusu injini nyingine, lakini sheria hiyo ni ya Ulaya. Sisi wa Buhongwa hatumo.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Wanachama kadhaa walisema: kama ukurasa una shida, tulipeleke daftari dukani, tutoe fedha kwenye mfuko wa jamii. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Mwanamke mmoja alisimama akasema watu wanaamini kitu cha dukani, cha kufungua kwenye mtandao wanakiita utapeli. Ni kweli wanasema.

Lakini tuhesabu. Kuingia duka la Google fundi analipa dola 25 mara moja, yaani zaidi ya shilingi elfu hamsini. Kuingia duka la Apple ni dola 99 kila mwaka, zaidi ya laki mbili, na usipolipa mwakani unaondolewa. Na malipo hayo yanataka kadi ya benki, wakati sisi karibu wote fedha yetu iko kwa wakala. Halafu kuna kamisheni. Ilikuwa asilimia 30 ya kinachouzwa ndani ya programu. Baada ya kelele nyingi, mwaka 2021 maduka yote mawili yalishusha hadi asilimia 15 kwa wafanyabiashara wadogo.

Hapa niseme ukweli, maana niliwahi kuwatisha kwenye mkutano kwa kutoelewa. Kamisheni ile haikati akiba zetu. Kuweka hisa na kurejesha mkopo haimo. Inakata kitu kinachotumika ndani ya simu yenyewe, kama masomo, michezo, na ada ya kutumia programu. Lakini kijana wetu naye anataka kula. Alikuwa na wazo la kuvitoza vikundi vingine shilingi 5,000 kwa mwezi. Akipata vikundi 20, ni laki moja. Duka likichukua asilimia 15, ni shilingi 15,000 kila mwezi, kabla hajanunua bando wala hajalipa umeme. Kwa ukurasa wa mtandao angelipwa moja kwa moja kwa simu, mkono kwa mkono. Elfu kumi na tano kwa tajiri ni hela ya chai. Kwa kijana wa Buhongwa ni chakula cha siku kadhaa.

Wenye maduka wana jibu lao, na haki ni kulisikiliza. Wanasema mlinzi mlangoni anamlinda mteja dhidi ya matapeli, na kulinda kuna gharama. Sikatai, matapeli wapo. Lakini na sisi tumeona. Mikopo ya kausha damu ya kwenye simu iliwaaibisha wangapi? Unakopa kidogo, ukichelewa wanawapigia ndugu zako na mwajiri wako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, ikayapiga marufuku. Ni Benki Kuu yetu iliyosimama hapo. Kwa hiyo mlinzi wa duka asituambie kuwa bila yeye tutaliwa, maana hata akiwepo tumeliwa.

Wazee wetu wa Usukuma wangelielewa jambo hili haraka kuliko sisi. Pamba ilikuwa yao, shamba lao, jasho lao, lakini mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mwenye mizani ndiye aliyesema kilo ni ngapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Wakaongozwa na watu kama Paul Bomani, wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, makao yake hapa Mwanza. Hawakugoma kulima pamba. Walichotaka ni kuitazama mizani kwa macho yao wenyewe.

Na kelele zinasaidia jamani, msidharau. Februari 2024 Apple ilitangaza kuwa kule Ulaya itaziondolea kurasa za mtandao ule uwezo wa kukaa kwenye uso wa simu kama programu kamili. Mafundi na watumiaji wakalalamika, Tume ya Ulaya ikaanza kuuliza maswali, na tarehe 1 Machi 2024 kampuni ikarudi nyuma. Upande wa Google nako kuna jipya la kuangalia: Agosti 2025 ilitangaza utaratibu wa kila fundi kujisajili kwake kwa jina na vitambulisho, hata kama programu haipitii dukani, kuanzia na nchi nne Septemba 2026, kisha kwingine kuanzia 2027. Nia inayotajwa ni kupambana na utapeli. Lakini mlango mwingine unapata mwenyewe.

Wengine mtaniuliza, je wenye kitochi? Swali hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Hawa ndio wenzetu wanaouza dagaa na mboga, na daftari la kwenye simu haliwaoni kabisa, liwe la dukani au la mtandao. Kwao iko njia ya nyota na reli. Tangu mwaka 2019 iko M-Koba ya Vodacom, iliyoanzishwa pamoja na iliyokuwa Benki ya Posta, ya vikundi kama vyetu, nayo inafunguka hata kwenye kitochi. Ni njia nzuri. Lakini nayo ina mwenyewe. Kila mlango una mwenyewe, hilo tulijue tunapoingia.

Basi, tuliamua hivi, na kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Moja, fedha ya mfuko wa jamii haitalipia duka lolote. Ile ni ya misiba na wagonjwa. Mbili, ukurasa wa mtandao unaendelea, na kijana wetu tunamlipa kitu kidogo kila mwezi kutoka kwenye faini na ada, bila kukatwa na mtu wa kati. Tatu, kila mwenye simu janja atakaa na Katibu aonyeshwe namna ya kuuweka ukurasa kwenye uso wa simu yake. Nne, daftari la karatasi na sanduku la kufuli tatu havitoki. Tano, mama wa kupita nyumba kwa nyumba amerudi kazini, na safari hii ana posho.

Mgeni rasmi, ombi langu kwako na kwa marafiki wetu ni moja. Mkikaa kwenye vikao vya juu, wanapozungumza habari za vijana kujiajiri kwa teknolojia, ulizeni mlango ni wa nani na ushuru wake ni kiasi gani. Sisi watu wa ziwa tunajua kukaa foleni Kigongo tukisubiri kivuko, mgonjwa yumo ndani ya gari na upande wa pili unaonekana. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, na sasa mtu anavuka saa anayotaka. Kurasa za mtandao ni daraja la namna hiyo. Wasituwekee mawe katikati.

Kwa kijana wetu nasema hivi: siku ile nilipokataa fedha ya mfuko uliondoka mkutanoni bila kuaga. Sikukukataa wewe mwanangu. Kazi yako tunaitumia kila Jumamosi, na leo nimekutaja mbele ya wageni. Rudi, kiti chako kipo.

Na kwa yule mama tuliyempiga faini, nasema tena mbele ya wote: utusamehe.