Udogo Si Kipimo: Kutathmini Usalama wa Programu-jalizi Ndogo ya Tovuti

Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zimejengwa kwa WordPress, na ni nadra kukuta hata moja isiyopachikwa programu-jalizi: ya fomu ya mawasiliano, ya kupunguza ukubwa wa picha, ya kuonyesha saa za kazi. Mwenye tovuti akiulizwa kama amezikagua, mara nyingi hujibu kwamba hizi ni ndogo tu. Mada hii inalipinga jibu hilo. Ndani ya WordPress hakuna programu-jalizi iliyo ndogo kwa mamlaka. Yenye mistari 50 ya msimbo na yenye mistari 50,000 zote husoma hifadhidata ileile na kugusa mafaili yaleyale, wala hapana ukuta unaozitenga na mfumo wenyewe. Kinachofaa kupimwa, basi, ni milango ambayo programu inaifungua, kibali kinachodaiwa mlangoni, na mtu mwenye uwezo wa kuibadilisha kesho.

Ushahidi upo. TimThumb ilikuwa faili moja tu la kurekebisha ukubwa wa picha, nalo liliwekwa ndani ya mandhari nyingi za WordPress. Mwaka 2011 iligundulika kwamba, kabla ya kuchukua picha kutoka nje, iliangalia tu kama jina la tovuti inayoaminika limo popote ndani ya anwani. Mdukuzi aliyelitanguliza jina hilo mbele ya anwani yake mwenyewe alipita, na alichokileta kilihifadhiwa kwenye folda inayofikika kwa kivinjari. Septemba 2020 ikawa zamu ya File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Humo mlikuwa na maktaba ya elFinder, ambayo watengenezaji wake walilipa faili la mfano kiambishi cha jina ili lisiweze kuendeshwa. Katika programu-jalizi hiyo kiambishi kiliondolewa, na mtu yeyote akaweza kuipandishia seva mafaili yake bila nenosiri. Tena faili hilo liliitwa moja kwa moja, bila kupitia WordPress, kwa hiyo kuizima programu hakukutosha. Ilibidi kuisasisha au kuifuta.

Mkaguzi aanzie basi pale data ya mgeni inapoingilia, aifuate mpaka inapoishia. Ikifika kwenye hifadhidata, je, imeandaliwa kwa njia salama, au imeungwa tu kwenye swali la SQL? Ikirudi kwenye ukurasa, je, imesafishwa? Hayo hufundishwa kila mahali. Linalosahaulika ni kibali. Kazi ya WordPress inayoitwa is_admin() huwadanganya wengi: hujibu kama ombi limeelekezwa upande wa utawala, haijibu kama aliyelituma ni msimamizi. Novemba 2018 programu-jalizi iliyokusudiwa kuwasaidia watu watii sheria ya faragha ya Ulaya, WP GDPR Compliance, iliwaacha wageni wabadilishe mipangilio ya tovuti bila kuulizwa kibali. Wadukuzi walifungua usajili, wakaamuru kila atakayejisajili awe msimamizi. Programu ya kukagua msimbo hunasa haraka data isiyosafishwa. Kibali kinachokosekana huonekana kwa mtu anayejua ni nani alistahili kuifanya kazi ile.

Ipo hoja nzito upande wa pili: programu ndogo husomeka yote kwa siku moja, kubwa haisomeki. Ni kweli, na ni sababu nzuri ya kuipendelea ndogo. Lakini aliyesoma toleo la leo hajasoma la kesho. Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti zipatazo 200,000, iliuzwa mwaka 2017, na mmiliki mpya akaingiza mlango wa nyuma kupitia masasisho ya kawaida. Waliosasisha kwa bidii ndio walioupokea kwanza. Hilo halina maana kwamba tuache kusasisha, kwani udhaifu unaojulikana ni hatari ya kila siku na umiliki kuhama si jambo la kila siku. Maana yake ni kwamba tathmini ina tarehe ya kuisha. Umiliki ukibadilika, au programu ikiondolewa kwenye orodha rasmi, kazi ianze upya.

Wengine huuliza: sisi ni nani hata tushambuliwe? Swali hilo linadhani kuna mtu anayechagua. Roboti hupita anwani kwa anwani zikitafuta faili fulani, na tovuti ya shule ya kata inafaa kutuma barua taka sawasawa na ya benki. Isitoshe, fomu ya kuomba nafasi ya masomo hukusanya majina na namba za simu za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinamtwisha jukumu anayekusanya taarifa, naye hawezi kujitetea kwamba msimbo uliandikwa na mtu wa ng'ambo.

Kwa hiyo nawaomba washiriki mkirudi kazini mfungue orodha ya programu-jalizi zenu, muandike mbele ya kila moja jina la mmiliki wake wa sasa na data inayoigusa, kisha msizime tu zile zisizo na kazi. Zifuteni.