Mwenye Meza Asipogombana: Kitatange na Hali ya Mwamba wa Matumbawe



Mtu akitaka kujua hali ya mwamba, kwanza huuliza mambo mawili: matumbawe hai ni asilimia ngapi, na samaki ni wangapi? Ni maswali ya msingi, na wanafunzi wangu wanajua jinsi ninavyoyasisitiza. Jioni hii nataka kutetea swali la tatu, ambalo fomu zetu nyingi za uchunguzi hazina safu yake. Je, samaki wa hapo wanagombana?

Shahidi wangu ni kitatange. Wavuvi mliopo humu mnamfahamu: mwili bapa, mdomo mdogo uliochongoka, rangi za kupendeza, nyama kidogo. Akiingia kwenye dema hamtajirishi mtu. Duniani kuna spishi zipatazo 130 za vitatange, na wengi huishi kwenye miamba ya matumbawe ya bahari za joto. Nitamzungumzia mmoja wao, Chaetodon trifascialis, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1825 na Wafaransa Quoy na Gaimard. Makazi yake yanaanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki.

Samaki wa chakula kimoja

Akikomaa hufikia urefu wa sentimita 18 hivi. Mwili wake mweupe umepitiwa na mistari myembamba iliyokunjwa kama ncha za mishale, utepe mweusi unakatiza jichoni, na mkia ni mweusi wenye ukingo wa manjano. Kinda huonekana tofauti: mkia wake ni wa manjano, na weusi umejaa sehemu ya nyuma ya mwili.

Mtazame anapokula. Husimama sentimita chache juu ya tumbawe, akainamisha kichwa, akadona mara moja, akasogea kidogo, akadona tena. Meno yake ni membamba, yamepangwa kama nywele za brashi, na kila mdono huondoa polipu, yaani kijinyama kilichoketi ndani ya kikombe chake cha chokaa. Pono hukwangua mwamba hadi akaacha alama. Huyu huchuma nyama na kuliacha gamba salama, na tumbawe hupona. Kwa saa moja hudona mara mamia.

Lakini hadoni kila tumbawe. Utafiti uliofanywa katika Mwamba Mkuu wa Australia ulionyesha kwamba sehemu kubwa sana ya midono yake huelekezwa kwa spishi moja, Acropora hyacinthus. Hili ni tumbawe linalotanda kama meza, lenye matawi mafupi yaliyosongamana, ambalo likistawi huweza kuzidi upana wa mita mbili. Samaki hawa walipofugwa na kupewa matumbawe ya aina mbalimbali, waliokula tumbawe hilo walikua vizuri kuliko waliolishwa mengine. Kwa hiyo uteuzi wake una faida ya kweli mwilini. Gharama ya uteuzi huo ni kwamba chakula hicho kikitoweka, hana kingine cha kumtosheleza.

Hata makao yake yamefungamana na chakula. Mayai hutolewa majini na kuelea. Kiluwiluwi, ambaye kichwa chake hufunikwa na mabamba ya mfupa, huchukuliwa na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi mwambani. Akifika, hujificha katikati ya matawi ya Acropora iliyo hai, na hapo ndipo maisha yake yanapojengeka.

Ugomvi una hesabu yake

Vitatange wengi hutembea wawili wawili. Huyu huonekana mara nyingi peke yake, akizunguka meza zake. Watafiti waliomfuatilia katika kisiwa cha Kuroshima, Okinawa, walikuta kwamba eneo la dume moja hujumuisha maeneo ya majike kadhaa. Kitatange mwingine akisogea, mwenye eneo huinamisha kichwa, husimamisha miiba ya mgongoni na kumwonyesha ubavu. Mgeni asipoondoka, hukimbizwa.

Kufukuza kunatumia nguvu, na samaki hapigani bila sababu. Hupigana pale ambapo kinacholindwa kinastahili kulindwa, na pale ambapo mlinzi ameshiba kiasi cha kumudu mbio. Sharti moja likikosekana, ugomvi hupungua.

Mwaka 2016, bahari zilipopata joto kupita kiasi, jambo hili lilionekana wazi. Timu iliyoongozwa na mwanaikolojia Sally Keith ilikuwa tayari ikichunguza tabia za vitatange katika maeneo kadhaa ya Asia na Kisiwa cha Christmas, kabla matumbawe hayajapauka. Baada ya kupauka walirudi kwenye miamba ileile. Ugomvi ulikuwa umepungua kwa takriban theluthi mbili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Samaki walikuwa bado wapo, wakiogelea na kukutana. Walichokosa ni chakula bora na nguvu za kukigombania.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mwaka 1981 Ernst Reese wa Hawaii alipendekeza vitatange walao matumbawe watumike kama kipimo cha afya ya mwamba. Wengi tulilichukua wazo hilo kwa maana ya kuwahesabu. Lakini idadi huchelewa kusema. Meza iliyokufa hubaki imesimama kwa muda kabla ya kumeguka, na kitatange mzima huweza kuvumilia njaa kwa muda pia. Siku idadi inaposhuka, madhara ni ya zamani. Tabia hubadilika mapema zaidi.

Tufanye nini kwetu

Pwani yetu inayajua haya. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi sana Kenya na Tanzania, na tumeona upaukaji tena mwaka 2016 na 2024. Acropora huwa miongoni mwa matumbawe ya kwanza kupauka. Hukua haraka pia, hivyo huweza kurudi ikipewa nafasi. Baruti, nanga na majuya yanayokokotwa juu ya mwamba huinyima nafasi hiyo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tunapoandika asilimia ya matumbawe hai, tuandike pia ni matumbawe gani. Mwamba wenye matumbawe mengi ya mviringo unaweza kuonekana mzima, na kitatange huyu akashinda njaa juu yake. Pili, tuongeze safu moja kwenye fomu: vitatange walipokutana, ilikuwaje? Walipitana, walitishiana, au mmoja alimkimbiza mwenzake? Tusiandike idadi ya mbio pekee, kwa kuwa samaki wakiwa wachache mbio zitakuwa chache vilevile. Tuandike ni mikutano mingapi kati ya yote iliishia kwa mbio. Miwani ya kuzamia, kibao na dakika chache za subira vinatosha, na kikundi cha wavuvi kikipewa mafunzo kinaweza kuifanya kazi hii bila kumngoja mtafiti kutoka mjini. Ifanywe mahali palepale, kabla na baada ya msimu wa joto, ili tuwe na cha kulinganisha.

Tatu, dema. Nchini Kenya zimejaribiwa dema zenye upenyo mwembamba wa kutokea. Makinda na samaki bapa wasio na bei hupita, na mvuvi hubaki na samaki wakubwa wenye soko. Mwili bapa unaomwezesha kitatange kupenya kati ya matawi ya tumbawe ndio unaomtoa pia katika mtego. Mvuvi hapotezi kitu kwa kumwachia.

Nawaomba wakuu wa taasisi za utafiti waliomo humu waiweke safu hiyo kwenye fomu kabla ya Januari, maji yetu yanapoelekea kwenye miezi yake ya joto kali. Wavuvi wapo tayari, na samaki wenyewe wapo.