Kivuli na Ugonjwa: Namna ya Kuielewa Ripoti ya Picha ya Kifua

Picha ya kifua ni picha ya vivuli. Mionzi ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895, hupenya mwilini na kuangukia upande wa pili. Hewa haiizuii sana, hivyo huonekana nyeusi. Mfupa huizuia, ukaonekana mweupe. Nyama, maji, damu na usaha hubaki katikati, kijivu. Mapafu yamejaa hewa, kwa hiyo huwa meusi. Karibu kila linaloandikwa juu yake ni habari ya weupe uliojitokeza penye weusi, au weusi uliopita kiasi.

Eksirei haitofautishi usaha na damu, wala damu na maji. Ndiyo maana ripoti huwa na sehemu mbili zisizopaswa kuchanganywa: yaliyoonekana na hitimisho. Yaliyoonekana ni ushahidi. Hitimisho ni maoni ya mtaalamu wa radiolojia baada ya kuupima ushahidi huo. Msomaji akumbuke pia kwamba upande wa kulia wa mgonjwa huwa kushoto kwa anayeitazama picha.

Weupe mzito uliotanda na kuficha mishipa ya damu humaanisha kwamba vifuko vya hewa vimejaa kitu. Mara nyingi ni usaha wa nimonia, lakini huweza kuwa maji ya moyo uliochoka, damu, au hata saratani. Weupe hafifu, mfano wa kioo chenye ukungu, ambamo mishipa bado huonekana, husomwa vizuri zaidi kwenye CT skani.

Doa la mviringo lisilozidi sentimita 3 huitwa kinundu. Likizidi hapo huitwa uvimbe, na shaka ya saratani huongezeka. Neno kinundu huwatia watu hofu, ilhali vingi ni makovu ya maambukizi yaliyokwisha, hasa vile vilivyojaa chokaa. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Fleischner Society, chama cha wataalamu wa picha za kifua, hautaki ufuatiliaji wa kawaida kwa kinundu kigumu kilicho chini ya milimita 6, kilichoonekana kwa bahati katika CT skani ya mtu mzima asiye na vihatarishi vikubwa vya saratani.

Tundu katika sehemu ya juu ya pafu huelekeza mawazo kwenye kifua kikuu, ingawa jipu, kuvu na saratani navyo hutoboa. Vidoa vingi vidogo kama punje za ulezi, vilivyosambaa pande zote mbili, ni dalili ya kifua kikuu kilichoenea kwa njia ya damu. Lakini mchimbaji aliyevuta vumbi la mwamba kwa miaka mingi naye huweza kuwa na vidoa vinavyofanana navyo.

Maji yanapojikusanya nje ya pafu, pembe ya chini ya kifua hupoteza ncha yake. Kwa mgonjwa aliyesimama, huhitajika takribani mililita 200 ndipo yaonekane katika picha ya mbele. Weusi mtupu usio na mishipa, pembezoni mwa pafu lililosinyaa, ni hewa iliyovuja, na huweza kuwa dharura.

Makovu ndiyo yanayodai uangalifu mkubwa zaidi katika Afrika Mashariki. Aliyemaliza dawa za kifua kikuu huweza kubaki nayo maisha yake yote, na picha moja haitoshi kusema kama ugonjwa umerudi. Jibu hutoka kwenye kipimo cha makohozi. Kinyume chake, mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana huweza kuwa na kifua kikuu huku picha ikionekana safi.

Kwa hiyo maneno “ihusishwe na hali ya mgonjwa”, yanayofunga ripoti nyingi, si ya kukwepa. Yanamtaka daktari arudi kwenye kikohozi, homa, uzito, kazi ya mgonjwa na picha zake za zamani. Bahasha ya picha hizo haifai kutupwa: kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka 2 kwa kawaida si saratani, na picha ya zamani huweza kumwepusha mtu na kisu.