Kitabu Kilichongoja Miaka 35

Leo tuzungumze habari za vitabu vya hadithi: jinsi vinavyopigwa chapa, na watu wanaovisoma.

Mwaka 1605, katika mji wa Madrid, nchi ya Hispania, kilipigwa chapa kitabu kiitwacho Don Quijote. Mwandishi wake ni Miguel de Cervantes. Ni habari za bwana mmoja aliyesoma mno hadithi za mashujaa hata akili zikamruka, akapanda farasi wake aliyekonda akaenda kutafuta vita. Watu wengi wa Hispania siku zile hawakujua kusoma. Lakini humo kitabuni Cervantes aeleza wavunaji waliokusanyika katika nyumba ya wageni, na mmoja ajuaye kusoma akawasomea wote. Kitabu kimoja, masikio mengi.

Sasa turudi kwetu. Ninyi wa Igogo mnaliona ziwa kila siku. Ukipanda meli hapo Mwanza utafika Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe. Katika kisiwa hicho alikaa mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 akasomeshwa na Mapadre. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Walipendana, lakini hawakupata mtoto. Wazazi wa mke wakamchukua binti yao. Mume akaenda ukweni kumwomba, wakwe wakamtoza pombe ya ndizi! Humo mna kilimo, uvuvi, dawa na adabu za ukweni, maana Kitereza alitaka vijana wasizisahau.

Mbona hakikupigwa chapa? Mpiga chapa hutoa fedha kwanza, ya karatasi, ya wino na ya mishahara, ndipo angoje wanunuzi. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Hesabu hiyo naielewa, ila ilimwumiza mzee.

Mwisho Kitereza mwenyewe, katika uzee wake, alikifasiri chote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa mwaka 1980, katika vitabu viwili. Cervantes aliwahi kuona kitabu chake kikipigwa chapa tena na tena. Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala zake hazijamfikia.

Kazi ya darasa: Mmoja wenu asome ukurasa huu kwa sauti, wengine wasikilize. Kisha kila mtu aandike sentensi tatu za hadithi aliyoisikia kwa mzee wa kwao, ambayo haijaandikwa bado.