Msitu wa Mfalme na Lango la Jaa

Neno la kusoma: Nehemia 2:8 na 3:1–32

 

Katika Biblia yupo bwana misitu mmoja ambaye wengi wetu tumempita bila kumwona. Jina lake ni Asafu. Si yule Asafu wa Zaburi, ni mwingine. Huyu alikuwa mlinzi wa msitu wa mfalme Artashasta, na Nehemia alipotaka kwenda Yerusalemu kuujenga upya mji wa baba zake aliomba kwa mfalme barua ya kumpelekea huyo Asafu, ili apewe miti ya malango na ya ukuta.

Tuliangalie jambo hili kidogo. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme, mtu wa karibu sana. Tena kazi aliyokwenda kuifanya ilikuwa kazi ya Mungu, naye aliifungia na kuiombea. Hata hivyo hakusema, "Mimi natumwa na Mungu, ni nani atakayenizuia kukata mti?" Aliomba ruhusa. Aliiheshimu kazi ya yule aliyewekwa kuulinda msitu. Twalisema hili kwanza kwetu sisi watu wa kanisa, maana katika nchi yetu yamekuwako makanisa yaliyoinuliwa juu ya ardhi ya umma, na wenye kuyajenga wakaimba nyimbo za shukrani siku ya kuweka jiwe la msingi. Nehemia hakujenga hivyo.

Basi leo twataka kuzungumza juu ya msitu mmoja ambao watu wa Nairobi wanaujua, nao ni Karura. Msitu huu uko kaskazini mwa jiji, kati ya barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu, nao una zaidi ya hekta 1,000. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na siku hizo za ukoloni ardhi ya serikali iliitwa ardhi ya Taji la Uingereza. Kwa hiyo hata huu ulikuwa msitu wa mfalme, kwa maana halisi kabisa. Baadaye bendera ikabadilika, ukawa msitu wa wananchi. Ndani yake mna mito, maporomoko ya maji, mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha, miti ya muhugu, mianzi, paa wadogo, na mbega weusi kwa weupe waliohamishwa kutoka Kipipiri. Na mna njia za miguu na za baiskeli, kama kilomita 50, na kwenye kila njia panda kuna nguzo yenye namba ili mtu asipotee.

Mwaka 1998 msitu huo ulikuwa karibu kumalizika. Vipande vyake vilikuwa vimekwisha kugawiwa watu binafsi ili wajenge majumba, na miti ikaanza kukatwa. Profesa Wangari Maathai na akina mama wa Green Belt Movement waliposikia wakaenda kupinga, na silaha yao ilikuwa miche. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda langoni wapande mti mmoja tu, wakashambuliwa na kundi la walinzi wa kukodiwa. Profesa mwenyewe akapigwa kichwani hata damu ikamtoka. Wanafunzi wa chuo kikuu nao wakaingia katika mapambano hayo. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Majumba yale hayakujengwa. Mwaka 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na mwaka 2011 akalala.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi, na ni haki isimuliwe. Lakini sisi twataka kuuliza juu ya miaka iliyofuata, ambayo haisimuliwi sana. Msitu uliponusurika, ni nani aliyekwenda kutembea humo? Karibu hakuna. Kwa miaka kama kumi watu walikuwa wakiuogopa. Palikuwa mahali pa wanyang'anyi, na maiti zilitupwa humo usiku. Mzazi akimwonya mtoto alimwambia asipite karibu na Karura jua likiisha kushuka. Watu walikuwa tayari kuumia ili msitu usichukuliwe, lakini ulipobaki kuwa mali yao sote hawakujua waufanyie nini. Mali ya wote ina shida hiyo. Kila mmoja anafikiri mwenye kuitunza ni mwenzake, na mwenzake anafikiri ni serikali.

Mwaka 2005 Bunge lilipitisha Sheria ya Misitu, na sheria hiyo ikafungua mlango: wananchi wanaoishi kando ya msitu waliruhusiwa kuunda chama na kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu katika kuutunza. Kwa mlango huo likaingia kundi la Marafiki wa Karura mwaka 2009. Ua wa umeme ukajengwa kuuzunguka msitu. Njia zikafunguliwa, vichaka vya lantana vikang'olewa, mikaratusi iliyopandwa zamani kwa ajili ya kuni ikaanza kupunguzwa na mahali pake ikapandwa miti ya asili. Na walinzi walitoka wapi? Wengine walitoka katika kijiji cha Huruma kilicho kando ya msitu, vijana ambao majirani zao matajiri waliwatazama kwa mashaka. Wakapewa sare na mafunzo, wakaambiwa, ulinzi wa mahali hapa ni wenu.

Tulipata kutembea humo pamoja na vijana wa Kipaimara, tukakutana na mlinzi mmoja njiani. Alikuwa ameinama akiokota vizibo vya chupa, kimoja kimoja, akivitia mfukoni. Tukamwambia, "Pole na kazi, ndugu." Akajibu, "Asante, Mchungaji. Hii si kazi kubwa, lakini isipofanywa leo, kesho mtu ataona kizibo naye atatupa chupa." Vijana wakacheka. Sisi tukafikiri juu ya Nehemia sura ya tatu.

Sura hiyo wahubiri huiruka, kwa sababu ni orodha ya majina magumu. Tunawaomba mwisome leo jioni, hata kama ulimi utajikwaa. Mtaona kwamba ukuta wa Yerusalemu haukujengwa na mafundi wa ujenzi peke yao. Wamo wafua dhahabu. Wamo watengenezaji wa manukato, watu wa mikono laini. Yumo mkuu mmoja aitwaye Shalumu aliyefanya kazi pamoja na binti zake. Wengi walitengeneza sehemu iliyokuwa mbele ya nyumba zao. Na katika mstari wa 30 yuko Meshulamu, ambaye hatajiwi nyumba. Alitengeneza mbele ya chumba chake. Wapangaji wa Nairobi, ninyi mnaolipa kodi ya chumba kimoja, mmesikia? Hata mwenye chumba ana kipande chake cha ukuta.

Tena lipo lango la jaa, lango la kutolea takataka za mji. Hilo lilitengenezwa na Malkiya, mtawala wa wilaya. Mtu mkubwa alishika lango la uchafu, na mwandishi hakuona aibu kuliandika. Aibu aliiandika mahali pengine, mstari wa 5, kuhusu wakuu wa Tekoa ambao hawakutia shingo zao katika kazi. Hawakuupinga ukuta. Waliutaka ujengwe, ila na watu wengine.

Mtu anaweza kusema, ukuta ulikuwa ulinzi wa mji, lakini njia ya kutembelea msituni ni anasa tu, ni mchezo wa watu walioshiba. Hatukubali. Katika jiji ambalo mtoto hucheza kati ya mtaro na magari, mahali pa kukimbia bila hofu si anasa. Mgonjwa wa shinikizo la damu huambiwa na daktari atembee; atembee wapi? Na hata Bwana wetu alipotaka kuomba aliondoka mjini akaenda mlimani na bustanini.

Lakini njia hizo zina sheria yake, na mvua ndiye mwalimu. Masika yakija njia hugeuka tope. Mtu wa kwanza hukwepa tope, akakanyaga pembeni. Wa pili hukanyaga mbali kidogo kuliko yeye. Baada ya mwezi njia iliyokuwa ya mtu mmoja imekuwa pana kama barabara, miche ya pembeni imekufa, na mizizi iko wazi. Maji ya mvua hayana tena cha kuyazuia, hushuka yakichukua udongo. Kwa hiyo watunzaji huchimba mitaro midogo ya kuyatoa maji pembeni mwa njia, na mitaro hiyo hujaa majani, na lazima mtu aizibue tena, na tena. Hakuna siku ya sherehe ya kuzibua mtaro. Hakuna mgeni wa heshima anayekuja kwa jambo hilo.

Na udongo ule huenda wapi? Mito ya Karura huungana na mto Nairobi, na mto Nairobi huingia Athi, na Athi ukifika chini huitwa Galana, kisha Sabaki, hata ukamwagika baharini karibu na Malindi. Wavuvi wa huko huiona bahari imekuwa nyekundu baada ya mvua za bara. Basi mtu anayekwepa tope Nairobi anamgusa mvuvi wa Malindi ambaye hatamwona kamwe. Mwanasheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani. Sisi twaweza kujibu, ni pamoja na yule anayekaa mwisho wa mto.

Sasa tuseme neno juu ya maskini, kwa kuwa bila hao utunzaji wote hugeuka bustani ya matajiri. Torati, katika Walawi 19, ilimwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, awaachie maskini na mgeni. Katika Karura wanawake wa vijiji vya jirani huingia kuokota kuni zilizokauka, nao hutoka wamejitwika mizigo mikubwa mgongoni, wakipishana na wale wanaokimbia kwa viatu vya bei. Tungependa kila mkimbiaji amsalimu mama huyo na kumpisha njia. Hilo nalo ni utunzaji wa njia. Na ile ada ya langoni, ambayo kwa mwingine ni bei ya soda, kwa baba wa watoto watano anayefanya kibarua ni chakula cha jioni. Fedha zinatakiwa, maana walinzi hawali majani ya miti. Lakini washarika walio na uwezo wanaweza, mara moja kwa mwaka, kuwalipia watoto wa shule ya Jumapili ya mtaa wa maskini. Sio jambo gumu. Makanisa hutumia zaidi ya hapo kwa maua ya arusi.

Mwaka 2025 palizuka mabishano makali kati ya Shirika la Huduma za Misitu na Marafiki wa Karura juu ya ada hizo, zilipwe wapi na ni nani azishike, hata shauri likafika mahakamani. Si kazi ya mimbari kuamua kesi. Lakini tunaona jambo moja. Wale wanaotaka kushika mfuko ni wengi kuliko wale wanaotaka kushika jembe, na hivyo imekuwa tangu siku za Yuda Iskariote. Serikali ina haki ya kujua kila shilingi ya mali ya umma. Wananchi waliofanya kazi wana haki ya kuona shilingi ikirudi kuzibua mtaro. Nehemia alikuwa na mamlaka ya mfalme mkononi na watu wa mji ubavuni, na ukuta ukaisha kwa siku 52. Angekuwa na kimoja tu, sijui kama tungeisoma habari yake.

Ninyi mlio mbali na Nairobi msiseme haya si yenu. Kakamega mna msitu wenu, Kilifi mna Arabuko-Sokoke, Ngong mna vilima. Na kama hakuna msitu, ipo njia ya kisimani, ipo miti ya uwanja wa shule, lipo jalala lililo nyuma ya kanisa lenyewe. Wazee wa kanisa wanaweza kuliweka jambo hili katika mkutano wao ujao: ni kipande gani cha ukuta kilicho mbele yetu? Wajue kwanza ni nani aliye Asafu wa mahali pale, wamwendee kwa heshima na barua mkononi. Kisha waende na majembe, akina baba, akina mama, na binti zao pia kama Shalumu.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyemweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, twakuomba kwa ajili ya walinzi wa misitu yetu wanaotembea usiku peke yao. Kwa akina mama wenye mizigo ya kuni migongoni. Kwa mahakimu na maofisa wenye kuamua habari za ardhi ya umma. Na kwa wavuvi wanaongoja maji yawe safi. Utupe mikono isiyoona haya kushika lango la jaa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.