Sarafu ya Kweli Iliyofanywa Uongo

Mwaka 1914 kiwanda cha serikali ya Marekani kilichoko Denver kilipiga senti 1,193,000. Miaka 30 baadaye, mwaka 1944, kiwanda hichohicho kilipiga zaidi ya milioni 430. Zote zina sura ya Abraham Lincoln, kipenyo cha milimita 19, uzito wa gramu 3.11 na herufi ndogo D chini ya mwaka. Ile ya 1944 haina bei ya maana. Ya 1914 hununuliwa kwa mamia ya dola, na ikiwa haijachakaa, kwa maelfu. Kuipandisha ya 1944 hadi bei ya ile ya 1914 ni kazi fupi kwa mtu mwenye mkono mtulivu: akikwangua upande wa kushoto wa 4 ya kwanza, inabaki 1.

Sarafu ya aina hii huwashinda wengi kwa sababu vipimo vyote vya kawaida inavifaulu. Mizani haina neno nayo. Sumaku haiishiki. Hata mashine ya eksirei ya kupimia madini husoma shaba, maana ni shaba kweli, iliyopigwa na serikali kweli, hukohuko Denver. Uongo wote umekaa kwenye sehemu isiyofika milimita moja.

Anayeifichua ni mtu anayejua ilivyotengenezwa. Mchongaji wa senti hiyo, Victor David Brenner, aliweka herufi V.D.B. upande wa nyuma ilipotoka mwaka 1909. Watu walilalamika kuwa anajitangaza, na herufi zikaondolewa baada ya siku chache. Zilirudi mwaka 1918, safari hii zikiwa ndogo mno, kwenye ukingo wa bega la Lincoln. Kwa hiyo senti ya 1914 yenye V.D.B. begani imekwisha kujishtaki yenyewe. Mghushi mwerevu huzikwangua pia, lakini hapo bega hubaki na mikwaruzo. Tena 4 ni pana kuliko 1: ukiikata, nafasi baina ya 9 na 1 inabaki kubwa kupita kiasi, na hakuna tupa inayoweza kusogeza tarakimu.

Ndiyo maana kuuliza kama sarafu ni ya kweli au si ya kweli hakutoshi, na wauzaji wasio waaminifu wamejipatia riziki nono katika upungufu huo. Maswali yanayopasa kuulizwa ni mawili: sarafu ilitoka wapi, na imefanywa nini tangu itoke huko? Jibu la kwanza linaweza kuwa safi kabisa huku la pili likiwa uhalifu.

Mwaka 1943 shaba ilihitajika vitani, hivyo Marekani ikapiga senti za chuma zilizopakwa zinki. Vipande vichache vya shaba vilivyosalia mashinani vilipigwa kwa bahati mbaya, na leo ni miongoni mwa senti zinazotafutwa zaidi duniani. Wanaoghushi wana njia mbili. Ya kwanza ni kuichovya senti ya chuma katika shaba. Sumaku huimaliza mara moja, na mizani nayo husema, kwani ile ya chuma ina takriban gramu 2.7. Ya pili ni kuchukua senti ya shaba ya 1948 na kukata upande wa kushoto wa 8 mpaka ibaki 3. Hapo sumaku na mizani vyote hunyamaza. Inabaki jicho: 3 ya mwaka 1943 ina mkia mrefu unaoshuka chini ya tarakimu nyingine, na 8 iliyokatwa haiwezi kuota mkia.

Wengine huongeza badala ya kupunguza. Senti ya 1909 yenye V.D.B. ilipigwa Philadelphia karibu milioni 28, lakini San Francisco, kwa alama S, ilipiga 484,000 tu. Basi mtu hubandika S kwa gundi au kwa lehemu. Katika sarafu nene wapo waliotoboa ukingo na kuisukuma herufi kutoka ndani. Mkaguzi hutumia kioo cha kukuza mara kumi na taa inayomulika kutoka pembeni, akitafuta mstari unaozunguka mguu wa herufi. S ya kweli iliinuka pamoja na uwanja wake kwa pigo moja, hivyo haina mshono. Umbo lake nalo linajulikana: ncha zake mbili zimesimama sambamba, na ndani ya kitanzi cha juu kuna nukta ndogo iliyovimba.

Tarehe nayo isipewe imani kupita kiasi. Riale ya Maria Theresa, iliyozunguka sana Zanzibar katika karne ya 19, imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, na imeendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo katika Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko hadi karne ya 20. Riale ya London ya miaka ya 1930 si bandia. Uongo huanza pale inapouzwa kama fedha iliyopigwa malkia angali hai.

Afrika Mashariki ina mtihani wake mgumu zaidi: dhahabu ya Tabora. Mwaka 1916 koloni la Wajerumani lilikuwa limezingirwa, meli hazifiki, na fedha za kuwalipa watu zilikuwa zimeadimika. Katika karakana ya reli mjini Tabora zilipigwa sarafu za rupia 15 zipatazo 16,000 na ushee, kwa dhahabu iliyochimbwa nchini, hasa katika mgodi wa Sekenke. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Upande wa pili una tai wa Ujerumani. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji.

Haikuwa kazi ya kiwanda cha sarafu cha Berlin. Aliyeifanya alikuwa na vifaa vya karakana, na mihuri haikufanana: katika baadhi ya sarafu pambo la kulia linaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, katika nyingine chini ya A ya kwanza. Asiyejua hilo anaweza kuikataa sarafu halali kwa kuwa haifanani na picha aliyoiona.

Uzito wake ni gramu 7.168, na robo tatu yake ndiyo dhahabu. Dhahabu ya kiwango hicho huwa nzito kuliko maji mara 15 hadi 16. Sarafu ikining'inizwa kwa uzi ndani ya maji juu ya mizani nyeti, maji inayosukuma yanapaswa kuwa karibu nusu gramu. Shaba iliyochovywa dhahabu, kwa ukubwa wowote, haiwezi kutoa uzito na ujazo huo kwa pamoja. Kipimo hiki cha gharama ndogo hupita hadi moyoni mwa sarafu, ilhali eksirei husoma tabaka la juu tu.

Lakini tembo huyu alipendwa, na sarafu nyingi ziliishia kwenye mikufu na bizimu. Masonara waliziunga pete, na baadaye wengine wakazitoa, wakajaza kovu kwa dhahabu na kulisugua. Sarafu hiyo itafaulu kila kipimo cha uzito na madini. Imetoka Tabora kweli, na imebadilishwa kweli. Kuiita bandia ni kuidhulumu. Kuiuza bila kulitaja kovu ni kumwibia mnunuzi, hata kama kila gramu ni halisi. Hati ya mauzo iseme yote mawili, na bei ishuke kwa kadiri ya jeraha.

Kwa anayetaka kununua, picha za uso na mgongo hazitoshi. Adai picha za ukingo wote, duara zima, zikimulikwa kutoka pembeni, kabla hajatoa hata shilingi ya arubuni. Na kwa aliyerithi moja kutoka kwa bibi yake, asiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya kung'arishia vyombo, kwa sababu mkaguzi atahitaji kuona ule uso wa zamani ndipo aweze kusema sonara alipita wapi.